Soksi za Mama Ngoie

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na kitenge, mkanikatia keki, kisha mkuu wa wauguzi akasimama akatangaza kwamba Mama Leoni atatuandikia kumbukumbu zake za kazini, vijana wapate kujifunza. Nilitikisa kichwa kukubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa nyumbani Katuba na daftari langu, na kila nikijaribu kuandika mambo matamu, hasira inanipanda. Basi nitaandika na hasira yangu hiyo hiyo. Matamu mlishakula siku ile.

Nilipandishwa cheo lini, mshahara ulikawia mara ngapi, hayo sitayaandika. Yanajulikana, na hayajawahi kumponyesha mgonjwa. Nitaandika juu ya miguu. Miaka yangu mingi ya kazi niliinama mbele ya miguu ya watu.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe vipya. Baba yangu, fundi wa reli, alikuwa amewaambia majirani wa avenyu nzima kwamba binti yake anaanza kazi hospitalini. Nilidhani nitapewa wagonjwa. Nikapelekwa chumba cha kufungia vidonda, kwa Papa Kazadi, muuguzi mzee mwembamba aliyeanzia kazi kwenye zahanati ya reli. Alinitazama viatu, akanionyesha kiti, na mbele ya kiti palikuwa na ile mashine ya kuviringishia bendeji, ya kuzungusha kwa mkono. Wiki nzima nilizungusha mpini ule. Viatu vilibaki vyeupe, hilo nakiri.

Wiki ya pili akaniruhusu kufunga mguu, lakini mguu wenyewe ulikuwa wake. Kila asubuhi alivua soksi, akaweka kisigino juu ya goti langu, nami nikafunga. Halafu akaenda kazini na bendeji yangu. Ikifika saa nne bendeji imeshuka, alirudi akaifungua mbele ya wagonjwa wote, akaniambia nianze upya. Mguu wa Papa Kazadi niliujua kabla ya kuujua wa mume wangu. Alinifunza kuanzia kwenye vidole, kukaza kwenye kifundo, kisha kulegeza kidogo kidogo kadiri unavyopanda, ili damu isukumwe juu irudi moyoni. Na juu kabisa usifunge fundo.

“Kamba ya juu njo inaua muguu,” alikuwa anasema. “Damu inashuka, inakosa njia ya kurudia.”

Waliokuja kwetu na varisi, ile mishipa inayovimba na kujipindapinda chini ya ngozi, walikuwa wale wale siku zote: wauza unga, walimu, wapishi, watu wa kusimama. Walikuja wamechelewa, kidonda kimeshafunguka kwenye kifundo, kinanuka. Kabla ya kutufikia walikuwa wameshaambiwa kwamba wamekanyaga dawa ya mtu. Kuna mama aliyeacha kusalimiana na dada yake miaka mingi kwa ajili ya kidonda cha mguu. Nilipomweleza kwamba aliyemdhuru ni kusimama kwake sokoni kuanzia asubuhi hadi jioni, alilia, na wala si kwa maumivu.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha watoto huku kwetu Katuba, na nikakaa huko miaka mingi. Kazi ilikuwa pezé, yaani kupima watoto uzito, na kufundisha mama zao. Ninyi mliozaliwa Lubumbashi sina haja ya kuwaeleza habari ya yule nzi wa masika anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa nje. Mtoto anavalishwa, yai linaanguliwa, funza anaingia chini ya ngozi na kukaa humo kama jipu lenye jicho. Nimewapaka vazelini watoto wasio na idadi, nimewakamua funza wakilia mpaka mama zao wakatoka nje. Kwa hiyo nilikuwa mkali. Niliwaimbia mama wale somo moja kila wiki: nguo yoyote inayogusa ngozi ipite chini ya pasi, joto liue mayai, iwe kalisoni, yaani chupi, iwe taulo, iwe kitambaa cha kufutia pua. Aliyeleta mtoto na nguo isiyopigwa pasi nilimsimamisha mbele ya wenzake. Wengi walikuwa wananiogopa, na mimi nilifurahi kuogopwa.

Niliporudi hospitalini, chumba cha kufungia vidonda kilikuwa kimepakwa rangi mpya na Papa Kazadi alikuwa amekwisha kufa. Akaja Dokta Serge, kijana aliyesomea upasuaji wa mishipa ng'ambo. Mikono yake ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Mshipa mbovu aliutoa kwa vitundu vidogo ambavyo baada ya miezi ulikuwa huvioni. Tena hospitali moja ya huko alikosoma ilituletea makatoni ya soksi za kubana, zile ndefu za kufika chini ya goti, ambazo mgonjwa wa varisi anavaa baada ya kupasuliwa ili mguu usivimbe na kidonda kisirudi.

Mimi ndiye niliyepewa kusimamia soksi. Nilijifunza kupima asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo, mzunguko wa shavu la mguu, na urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya goti, kwa mita ya mshonaji. Zilikuwa zinabana kweli kweli. Mara ya kwanza kujivalisha nilitoka jasho mpaka nikafungua dirisha. Ndipo nikagundua zile glavu za mpira za kuoshea vyombo: ukizivaa, soksi haikutelezi mikononi, unaipandisha taratibu kama unavyopapasa ukuta. Kwa zile zilizo wazi mbele, unatanguliza mfuko wa nailoni kwenye vidole, soksi inateleza juu yake, kisha unauvuta mfuko utokee mbele. Hilo sikulisoma popote.

Na hapa nifike kwenye kabati. Waliotuletea soksi walitaka waone kwamba zimetumika, kwa hiyo niliamuru maboksi yote yabaki hospitalini. Niliyapanga kwa saizi kwenye kabati la kioo, madogo juu, makubwa chini, na ndani ya kila boksi karatasi yake ya maelezo imekunjwa vile vile ilivyotoka kiwandani. Wageni wakija niliwaonyesha. Wagonjwa walirudi nyumbani na soksi kwenye mfuko wa nailoni, na maneno yangu: vaa kabla ya kushuka kitandani, angalia isishuke, vua wakati wa kulala, fua kila siku kwa mkono.

Mama Ngoie alikuja kipindi hicho. Alikuwa mpiga pasi kwenye villa moja ya mtaa wa Golf, anatoka Katuba kila asubuhi, anasimama mbele ya meza mpaka alasiri. Miguu yote miwili ilikuwa na varisi, wa kushoto ukiwa mbaya zaidi, na kidonda kimeanza kwenye kifundo. Bibi mwenye villa alimwambia atamngoja mara hii, ila akikosa kufika kazini tena, ataleta mtu mwingine. Nyumbani alikuwa na wajukuu wawili wa marehemu binti yake, na hakuna mwingine wa kuwalisha. Kwa hiyo alitaka miguu yote miwili itengenezwe upesi. Dokta Serge alimwambia tutaanza na wa kushoto, ukipona vizuri tutafanya wa kulia.

Wa kushoto ulipasuliwa vizuri. Nilimpa soksi, mbili ili abadilishe, nikamfundisha na glavu. Alikuwa mwepesi wa kushika, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu.

Wiki sita baadaye alirudi. Mguu ulikuwa umevimba, kidonda kimefunguka kikubwa kuliko mwanzo, na chini ya goti palikuwa na mfereji mwekundu kuzunguka mguu wote. Dokta Serge aliivuta soksi kwa vidole viwili mpaka ikapita shavu la mguu, akaiachilia. Ikashuka yenyewe mpaka kwenye kifundo, imelegea kama soksi ya mtoto wa shule mwisho wa mwaka.

Akamuuliza kama alikuwa anavaa kweli. Mama Ngoie akasema alikuwa anavaa kila siku. Dokta akaniangalia mimi, si yeye, akasema kwa Kifaransa kwamba hawa wote husema hivyo, kwamba soksi nzuri ameiuza au amempa mtu, na hii ameivaa leo ili kuja kutuonyesha. Akaandika kwenye faili neno moja, indocile, maana yake mkaidi, mgonjwa asiyesikia. Kisha akafuta tarehe ya mguu wa kulia. Alisema hawezi kupoteza upasuaji kwa mtu asiyetaka kupona.

Na mimi je? Mimi nilimzidi dokta. Nilimgombeza yule mama mbele ya foleni kwa Kiswahili chetu ili kila mtu asikie vizuri. Nilimuuliza kama anadhani soksi zinaokotwa njiani, nikamwambia kwamba wako wanaozililia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, polepole, “Nilivala, mama. Kila siku nilivala.” Akachukua mfuko wake akaenda.

Kilichonisumbua ni uzi. Nilipokuwa namvua ile soksi niliona kwamba juu kabisa ilikuwa imeshonewa elastiki ya kalisoni, mshono wa mkono, uzi maradufu, mishono midogo midogo iliyonyooka. Ndiyo iliyochimba ule mfereji chini ya goti. Nilijiuliza siku mbili: mtu asiyevaa soksi anaishonea elastiki ya nini?

Jumamosi asubuhi nilimfuata. Si mbali na kwangu, avenyu chache tu. Nilimkuta uani, pasi ya makaa imewaka, wajukuu wanacheza kwa jirani. Mezani palikuwa na soksi ya kijivu, juu yake kitambaa kilicholowa, na yeye anapitisha pasi juu ya kitambaa taratibu, anageuza, anapitisha tena. Alikuwa ananyoosha hata kisigino. Nilisimama mlangoni nikatazama mikono ile ya fundi ikiua kila uzi wa mpira uliokuwemo.

Nilimuuliza, na sauti haikuwa nzuri, ni nani alimwambia apige soksi pasi. Akaiweka pasi kwenye kikalio chake kwanza, maana hawezi kuacha kitambaa kiungue hata akitukanwa.

“Shi ni weye,” akasema. “Wakati ya mutoto wangu wa kwanza, ku pezé. Ulinisimamisha mbele ya bamama bote. Ulisema kintu yote yenye kugusa ngozi ipite ku pasi.”

Niliinua kona ya kitambaa nikaigusa soksi; ilikuwa ya moto.

“Elastiki inakufa ku pasi, najua,” akaendelea. “Hata ya kalisoni inakufa, tunabadilisha ingine. Lakini mama, iko kidonda mule. Funza ikiingia mu kidonda? Njo nilipiga pasi kila siku, na kitambaa juu, pole pole. Ikaanza kushuka. Nikashona ingine juu, isishuke. Sababu mulisema isishuke.”

Wazee walisema nyani haoni kundule. Mimi siku ile niliona langu, na la hospitali nzima. Mama huyu hakuasi hata neno letu moja. Alifua kila siku tulivyosema, akapiga pasi nilivyomfundisha kwa kumwaibisha, akaizuia isishuke kama tulivyotaka, na kwa utiifu wake wote akapata kidonda kikubwa na jina la mkaidi. Niliona haya ambayo sijawahi kuona mbele ya mtu. Nilimwomba radhi pale pale uani. Alisema tu nikae, akanimiminia chai.

Sasa hapa ndipo pananitia hasira zaidi, na hasira hii ni ya kwangu juu yangu, msinifutie. Jumatatu kulikuwa na mkutano wa asubuhi. Dokta Serge akaeleza habari ya mgonjwa wa soksi kama mfano wa wagonjwa wagumu, watu wakacheka, na mimi nilikuwepo nimeshika faili zangu. Sikusema kitu. Jumanne sikusema. Nilijiambia nangoja nafasi nzuri. Nilikuwa naogopa wale vijana niliowagombeza miaka yote wasije wakanicheka. Jumatano nikaenda kwenye kabati langu la kioo, nikafungua boksi moja, nikakunjua karatasi. Ilikuwa na lugha nne na vijipicha. Kimoja kilikuwa pasi ndogo iliyokatwa kwa mstari. Kingine kilionyesha kwamba haifai kuanikwa penye joto. Nikafungua boksi la pili, la tatu. Yote yalikuwa na pasi ile, yamenisubiri humo kabatini kwa mpangilio mzuri wa saizi.

Niliwaita wagonjwa wengine wa soksi warudi. Waliofika, karibu wote soksi zao zilikuwa zimelegea, na za mmoja tu zilikuwa nzima, kwa kuwa makaa yalimwishia akaanika ndani ya nyumba. Huyo ndiye aliyetufundisha. Kwa hiyo shikeni hili vijana: soksi ikishafuliwa haikamuliwi, inaviringishwa ndani ya taulo na kukandamizwa maji yatoke, halafu inaning'inizwa ndani, chumbani, dirisha limefungwa ili nzi asifike. Pasi hapana. Na msimwambie mama wa Lubumbashi “pasi hapana” mkaishia hapo. Mwambieni habari ya nzi, la sivyo ataipiga, na atakuwa na akili kuwashinda.

Nilikwenda kwa Dokta Serge na karatasi mkononi nikamweleza yote, ya pezé na ya kabati. Alisoma, kisha akauliza kwa nini yule mama hakuuliza. Aulize nini? Mtu anauliza asichokijua, na jambo la pasi alilijua kutoka kwangu. Nilimwambia hivyo, na nadhani sauti ilifika kwenye foleni. Nikamwomba alifute lile neno kwenye faili. Akasema faili haifutwi.

Hata hivyo alikubali kumrudisha kwenye orodha, kidonda kikipona. Nilikifunga mimi mwenyewe kwa bendeji, mara tatu kwa wiki, kutoka kwenye vidole kupanda. Kwa bibi wa Golf nilikwenda na barua ya hospitali na uniformu yangu, nikakaa sebuleni kwake mpaka akakubali kwamba Mama Ngoie apige pasi akiwa ameketi kwenye kiti kirefu. Ilimshangaza kwamba pasi inaweza kupigwa na mtu aliyeketi. Miezi mitatu ikapita, kidonda kikafunga, ngozi ikarudi.

Siku ya kupanga upasuaji wa pili, Dokta Serge alitoa karatasi mpya. Alikuwa ameitunga yeye, akiiita ahadi ya mgonjwa. Imechapwa vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba mgonjwa anaahidi kufuata yote atakayoambiwa, na asipofuata hospitali haina lawama. Chini kuna mstari mmoja wa sahihi. Alimsogezea Mama Ngoie na kalamu.

Mama Ngoie alisoma. Alisoma yote, kidole chini ya kila neno, sisi tunangoja. Kisha akasema:

“Dokta, nitasinye. Hapa mumeandika mugonjwa atafuata yote yenye ataambiwa. Iko muzuri. Sasa andikeni na chini, asema: na shiye tutamwambia yote. Na mweye musinye.”

Dokta Serge alitabasamu kidogo, akasema karatasi ile haina nafasi ya sahihi nyingine. Mama Ngoie akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akanisogezea mimi kalamu, hakumpa dokta.

Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwamba na sisi tutamwambia yote, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ili ayasome bila miwani. Nikatia sahihi. Nikaipeleka mbele ya dokta nikaiweka, na kalamu juu yake, nikasimama. Alitazama mlango, akatazama saa. Mama Ngoie alikuwa amekunja mikono juu ya mapaja kama mtu aliye kanisani. Dokta akatia sahihi. Ndipo na Mama Ngoie akaigeuza karatasi, akatia yake upande wa mbele. Alhamisi tulimpasua mguu wa kulia. Hadi leo anatembea, na ameketi anapiga pasi kule Golf.

Juzi nimepita hospitalini kuchukua vitu vyangu vya mwisho. Nimemkuta mmoja wenu, sitamtaja, anamwambia mama mmoja atie sahihi kwenye ile karatasi ya ahadi kabla ya kupasuliwa varisi. Bado mnaitumia, tena mmeichapa kwa wingi. Yule mama alisinya haraka bila kusoma, akatushukuru. Nimeichukua mezani nikaigeuza. Nyuma hakuna kitu.